Ukienda India, Shuka Vijijini

Ilikuwa Ijumaa, katika gulio la Kunduli, wilaya ya Koraput, kusini mwa jimbo la Odisha. Nilisimama kati ya marundo ya tangawizi na matenga ya nyanya. Mbele yangu mama mtu mzima, pete tatu za dhahabu puani, alikuwa akipima dengu kwa kopo. Nikainua simu. Kabla sijabonyeza, mama akavuta ncha ya sari yake akajifunika uso, kimya kimya, bila hasira, kama mtu anayerudishia mlango kwa sababu vumbi linaingia. Nikaishusha simu kwa aibu. Nilipogeuka nikamkuta kijana hatua tatu nyuma yangu, simu yake juu, ananirekodi mimi.

Mimi ni mtu wa Karatu. Tangu nikiwa mtoto nimeyaona magari ya watalii yakiteremka Eyasi alfajiri kwenda kuwatazama Wahadzabe, na nimewasikia wazee wa Kimasai pale njia ya Mto wa Mbu wakigombana na wageni waliopiga picha wakaondoka bila hata salamu. Nilidhani mtu aliyekulia upande huo wa kamera hawezi kukosea akiishika yeye. Nilikosea siku ya kwanza, saa ya kwanza. Ndiyo maana ninaandika ushauri huu.

Wengi wetu tunaijua India kwa milango miwili, hospitali na chuo. Mtu anamsindikiza mgonjwa Chennai, anakaa wiki sita, anajua njia ya kutoka gesti hadi wodini na kutoka wodini hadi duka la dawa, kisha anapanda ndege. Mwanafunzi anamaliza miaka mitatu Pune na hajawahi kulala kijijini hata usiku mmoja. Wafanyabiashara ndio kabisa, wanaijua Mumbai ya maghala. Kama unazo siku kumi za ziada na viza yako ni ya aina inayokuruhusu kutembea, India ya milimani na misituni iko wazi kwako, na baadhi yake itakushangaza kwa jinsi inavyofanana na nyumbani.

Kwanza tuelewane kuhusu neno. Watu ambao matangazo ya safari huwaita "makabila ya India" wenyewe, hasa wa maeneo ya kati, hujiita Adivasi, maana yake wakazi wa mwanzo. Katiba ya India inawatambua kwa orodha maalumu, na sensa ya mwaka 2011 iliwahesabu watu milioni 104, asilimia 8.6 ya taifa zima. Hao ni wengi kuliko Watanzania wote. Kuna jamii zaidi ya 700, lugha zao hazifanani, dini zao hazifanani, na mila za Mkhasi wa Meghalaya na za Mgondi wa Bastar zina umbali kama uliopo kati ya Mmakonde na Mturkana. Kwa hiyo mwongoza wageni akikuambia "nitakuonyesha watu wa kabila", muulize kabila gani, wanaongea nini, na yeye mwenyewe anawajua kwa njia gani. Akibabaika, tafuta mwingine.

Kosa la pili, baada ya hilo la simu, ni ramani. Mtu ana siku kumi anapanga Meghalaya, Odisha na Gujarat. Anachokiona ni vituo vya treni. Kutoka Bhubaneswar, makao makuu ya Odisha, hadi Koraput ni usiku mzima ndani ya treni ya Hirakhand Express, na hapo hujabadilisha jimbo. Chagua eneo moja, ulale hapo usiku nne au tano, kijiji kimoja au viwili. Siku ya kwanza kijijini wewe ni sinema. Siku ya pili watoto wameshachoka kukufuata. Siku ya tatu mtu anakuletea kigoda ukae, anaendelea kupepeta mchele wake. Safari yenyewe huanzia hapo, na msafiri wa haraka huwa ameshaondoka.

Vibali ni jambo la kulifanyia kazi ukiwa bado nyumbani. Viza ya kitalii huombwa mtandaoni na hiyo si kazi. Kazi ni kwamba kaskazini mashariki mwa nchi kuna majimbo ambayo mgeni wa kigeni haingii kwa viza peke yake. Arunachal Pradesh inahitaji kibali cha eneo la ulinzi, na huko kwa kawaida kibali hupitia kwa wakala wa safari. Nagaland, Mizoram na Manipur zilikuwa zimelegezewa sharti hilo kwa miaka mingi, kisha Desemba 2024 likarudishwa. Manipur yenyewe, kwa vurugu zilizoanza Mei 2023, mimi nisingeenda kwa sasa. Meghalaya haina kibali chochote, na hiyo ni sababu mojawapo ya kumshauri anayeanza aanzie huko.

Visiwa vya Andaman nivitaje mara moja nipite. Kule wako Wajarawa na Wasentinel, na sheria ya mwaka 1956 inawalinda dhidi ya wageni. Kukaribia kisiwa cha North Sentinel ni kosa la jinai. Mmarekani aliyejipeleka huko Novemba 2018 kwa nia ya kuhubiri aliuawa kwa mishale. Pia kuna barabara inayokatiza msitu wa Wajarawa, na mwaka 2012 video ya wanawake wao wakichezeshwa mbele ya watalii ili wapewe chakula ilileta fedheha kubwa. Mtu akikuuzia safari ya "kuwaona Wajarawa", anakuuzia kosa. Nenda Andaman kwa ajili ya bahari.

Sasa Meghalaya. Unashukia Guwahati katika jimbo la Assam, kisha unapanda gari hadi Shillong, kilomita kama 100 za kupanda mlima. Magari ya abiria ni yale ya Sumo, yanajazwa kama Noah zetu za Arusha: dereva haondoki mpaka kiti cha mwisho kipate mtu, na mzigo unafungwa juu. Kutoka Shillong hadi Sohra, ambayo ramani za zamani zinaiita Cherrapunji, ni kilomita zipatazo 50. Hapo uko kwenye mojawapo ya sehemu zenye mvua nyingi kuliko zote duniani. Jirani yake Mawsynram hupata wastani wa karibu milimita 11,900 kwa mwaka, yaani zaidi ya mara kumi ya Dar es Salaam. Usiende Juni hadi Septemba isipokuwa unapenda ruba na ukungu. Novemba hadi Februari ni kukavu, na cha ajabu, miezi hiyo wakazi wa Sohra hupanga foleni ya maji kwa ndoo. Mvua yote ile huteremka mabondeni ikaenda zake Bangladesh.

Kivutio ni kijiji cha Nongriat, bondeni, ambako Wakhasi wameotesha madaraja. Sijakosea, wameyaotesha. Wanachukua mizizi ya mpira wa msituni, ule mti wenye mizizi ya angani, wanaipitisha ndani ya magogo ya mpopoo yaliyotobolewa hadi ng'ambo ya mto, kisha wanasubiri. Daraja la kuvusha mtu huchukua miaka kumi na zaidi, na likishakomaa linazidi kuimarika kila mwaka kwa sababu li hai. La Nongriat lina ghorofa mbili. Kulifikia unaanzia kijiji cha Tyrna na kushuka zaidi ya vidato 3,000 vya saruji, na hakuna gari, hakuna punda, hakuna njia nyingine. Saruji, soda, godoro, kila kilichopo Nongriat kimeshushwa mgongoni mwa mtu, kamba ikiwa imepitishwa kwenye paji la uso.

Wageni wengi hushuka asubuhi, wanapiga picha darajani, wanapanda tena alasiri, magoti yanatetemeka. Usifanye hivyo. Lala chini. Kuna nyumba kadhaa za kulala wageni, vyumba vya kawaida, chakula cha wali, dengu na mayai. Saa kumi jioni wageni wa siku wameondoka, daraja linabaki na wenyewe: mama anavuka na tita la kuni, watoto wanatoka shule. Mimi nilikaa kwenye ukingo wa daraja saa nzima nikitazama kidole kimoja cha mzizi, mwembamba kama kalamu, kilichofungwa kwa utepe wa mwanzi kwenye mzizi mnene ili ukue kuelekea upande wanaoutaka. Mtu fulani alikuja asubuhi ile akaufunga. Atakayeukanyaga pengine hajazaliwa.

Mwenye nyumba niliyolala alikuwa mwanamke. Usishangae, na usimtafute mume ukampe hela. Kwa Wakhasi watoto huchukua ukoo wa mama, na nyumba ya wazazi huachiwa binti wa mwisho, ambaye pia ndiye mwenye wajibu wa kuwatunza wazee. Mwanamke mwite Kong kabla ya jina lake, mwanamume Bah, sawasawa na sisi tunavyosema dada na kaka hata kwa tusiowajua. Kushukuru ni khublei. Maneno hayo matatu yatakufikisha mbali zaidi ya Kiingereza chako chote, ingawa Kiingereza Shillong kinasemwa vizuri.

Kong huyo alinikaribisha kwa kwai. Ni tambuu hasa, ile ya Unguja: jani, chokaa, na popoo. Nikajitia ujuzi, bibi yangu wa upande wa mama alikuwa Mzanzibari, nikatafuna kwa mbwembwe. Sikujua kwamba popoo yao ni mbichi. Dakika mbili baadaye masikio yalinichemka, jasho likanitoka, nikashika nguzo ya baraza. Walicheka hadi jirani akaja kuuliza kulikoni. Ukipewa kwai, pokea kwa mkono wa kulia, onja kipande kidogo, na ukae chini kwanza. Kukataa kwa upole kunakubalika, ila kwai ndiyo karibu yao, na kukaa baada ya kuipokea ndiyo mazungumzo yenyewe.

Jumapili usipange safari. Wakhasi wengi ni Wakristo, maduka hufungwa, magari hupungua, na kama wewe ni mtu wa ibada utakaribishwa kanisani na kuketishwa mbele bila kutaka. Na ukipita Mawphlang, karibu na Shillong, uone msitu wao mtakatifu, sharti ni moja: hutoki na kitu. Wala jani, wala jiwe, wala ua lililokwisha kuanguka. Mimi nilikung'uta viatu mlangoni. Watu wa kaya za Pwani watauelewa msitu ule bila kuelezwa.

Koraput ni kwa anayekwenda mara ya pili, au kwa asiyejali taabu kidogo. Barabara ni nzuri, hoteli za wastani zipo Koraput mjini na Jeypore, lakini Kiingereza ni haba na umbali ni mkubwa. Hapa safari hupangwa kwa siku za magulio. Jumatano ni Chatikona, wilaya jirani ya Rayagada, ambako Wadongria Kondh huteremka kutoka milima ya Niyamgiri na nanasi, manjano na ndizi. Alhamisi ni Onukudelli, gulio la Wabonda. Ijumaa ni Kunduli, kubwa kuliko yote, malori yanapakia mboga hadi jioni. Kama umewahi kukaa siku nzima kwenye mnada wa kwetu, ile saa ya asubuhi ya bei kali na ile saa ya alasiri ya kila mtu kutaka kurudi nyumbani, basi hutahitaji kuelekezwa. Fika saa mbili asubuhi. Nunua kitu. Mtu aliyebeba mfuko wa tangawizi ana sababu ya kuwepo, na anayezungukazunguka na kamera shingoni kila mtu anamwona ana lake jambo.

Hapa sheria ni kali kuliko Meghalaya, na ina sababu. Mwaka 2012, baada ya ule mkasa wa Wajarawa, serikali ya Odisha ilizuia watalii kupiga picha na video za jamii zilizo dhaifu zaidi, wakiwemo Wabonda na Wadongria, na ikataka wageni wa kigeni waombe kibali. Ofisi ya mkuu wa wilaya, kule wanamwita collector, ndiyo ya kuulizia. Ushauri wangu ni mfupi zaidi ya sheria: waone Wabonda na Wadongria gulioni, mahali walipokuja kwa hiari yao na biashara yao, na vijiji vyao vya mlimani uviache. Wadongria wameshasema wazi wanataka nini kwao. Kampuni ya Vedanta ilipotaka kuchimba madini ya aluminiamu juu ya Niyamgiri, Mahakama ya Juu ya India iliamua Aprili 2013 kwamba mabaraza ya vijiji ndiyo yaulizwe. Vijiji 12 vikaulizwa, na vyote 12 vikakataa. Watu wenye msimamo wa namna hiyo hawahitaji mimi niwapandie mlimani kuwauliza kama wana furaha.

Vijiji vinavyopokea wageni vipo, vya Waparaja na Wagadaba kwa mfano, na mwongozaji mzuri wa Koraput anajua ni vipi. Katika kimojawapo nilipewa kinywaji ndani ya kibuyu. Kilikuwa kizito, kahawia, na kiuchachu kwa mbali. Nikanywa, nikatulia, nikanywa tena. Uji wa ulezi! Wenyewe huuita ulezi mandia, na mkulima huubeba uji wake shambani kwenye kibuyu kikavu, unakaa baridi mchana kutwa. Nilijaribu kumweleza yule mzee, kwa mkalimani, kwamba ulezi asili yake ni nyanda za juu za Uganda na Ethiopia, na uliingia India maelfu ya miaka iliyopita. Akasikiliza kwa heshima. Kisha akauliza kama kwetu tunautia chumvi au sukari. Nilipomwambia sukari, alisikitika.

Sehemu ya tatu ninayoipendekeza ina uzito wake kwetu. Katika jimbo la Gujarat, pembeni mwa msitu wa Gir, kipo kijiji cha Jambur, na wakazi wake wengi ni Wasiddi, watu wenye asili ya Afrika Mashariki. Mababu zao waliletwa kwa karne nyingi, wengine wakiwa watumwa, wengine mabaharia, wengine askari. Wapo waliopanda hadi kutawala: Malik Ambar, mzaliwa wa Ethiopia aliyeuzwa utumwani, alikuja kuongoza majeshi ya Ahmadnagar hadi kifo chake mwaka 1626. Wa Jambur na wa vijiji vya Karnataka kama vile vya Yellapur ni watu wa kawaida, wakulima, vibarua, madereva. Ngoma yao inaitwa goma. Ngoma yao ndogo ya kushika mkononi inaitwa musindo, na sikio la Mswahili hapo litasimama lenyewe. Wana pia upinde wa muziki wenye kibuyu, malunga. Pale Jambur ngoma huchezwa kwenye kaburi la Nagarchi Pir, na jina hilo maana yake ni mpiga ngoma.

Ninachokuomba ni hiki. Usiende Jambur kutafuta ndugu waliopotea na machozi tayari machoni. Msiddi wa leo ni Mgujarati, anaongea Kigujarati, anashabikia kriketi ya India, na ameshapokea Waafrika wengi waliomshika mikono wakamwambia "karibu nyumbani" akiwa kwenye baraza lake mwenyewe. Waandaaji wa safari za kutazama simba huwakodi vijana wa Jambur wacheze goma mahotelini, wavae manyoya na kupaka rangi usoni, wavunje nazi kwa vichwa. Ni riziki yao, sitawasema. Lakini ukifika kijijini, kaa ndani ya hoteli ya chai uagize kikombe. Utaulizwa unatoka wapi. Mimi nilisema Tanzania, mzee mmoja akasema kuna mtu wa huko aliwahi kupita, mrefu, alikunywa chai vikombe vinne. Basi tukazungumza habari za chai. Maneno mengi tunayo pamoja na Wagujarati, gari, chai, sabuni, rangi, duka, pesa, wakati, kachumbari, nayo hutoka moja moja katikati ya mazungumzo kama mtu unayemfahamu akipita katikati ya umati. Mwanamke umwite kwa jina ukiongeza ben, mwanamume bhai. Waliokulia mitaa ya Kisutu au Ngara hawatakuwa wageni kwa hilo.

Njiani kwenda huko kutoka Rajkot utapita mji wa Jetpur. Angalia vitambaa vilivyoanikwa. Kanga na vitenge vingi vinavyouzwa Kariakoo na Biashara Street, Mombasa, vimechapwa pale. Nilikuwa nimebeba doti tatu za kanga kama zawadi, nikijisifu kwamba naleta kitu cha kwetu. Mwenyeji wangu aligeuza pindo, akaisugua kwa kidole gumba, akaniambia ni kazi ya Jetpur. Tangu siku hiyo zawadi yangu ya India ni kahawa.

Simba wa Gir nao ni wa kuonwa, ndio pekee wa porini nje ya Afrika, na hesabu ya mwaka 2025 iliwakuta 891. Kibali cha kuingia kwa gari hununuliwa mtandaoni mapema kwa sababu magari yamewekewa idadi, na hifadhi hufungwa kuanzia tarehe 16 Juni hadi 15 Oktoba. Kwa Mtanzania aliyezoea Serengeti, sitakudanganya, simba wenyewe watakupendeza na msitu utakuchosha.

Mambo ya mwili na mfuko. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano iwe pamoja na pasipoti. Asiye nayo anaweza kuzuiwa karantini hadi siku sita. Malaria ipo Koraput na Bastar, na kwamba umezaliwa Mwanza hakukulindi, beba chandarua na uzungumze na daktari kabla. Maji ya kuchemsha au ya chupa tu. Beba nakala za ziada za pasipoti na viza, kwa sababu kila anayekulaza, hata mama wa kijijini, anatakiwa kutoa taarifa ya mgeni wa kigeni ndani ya saa 24, na gesti nyingine ndogo hukataa wageni kwa kuogopa makaratasi hayo. Piga simu kabla. Laini ya simu inunue mjini, nayo haifunguki papo hapo. Na noti! Hata muuza karanga ana kibandiko cha kulipiwa kwa simu, ila mfumo huo umejengwa kwa akaunti za benki za India. Toa fedha mjini, uombe noti za 50 na 100, kijijini hakuna mwenye chenji ya 500 asubuhi.

Mwislamu atapata shida kidogo Meghalaya, ambako nguruwe yuko kila chungu. Sema mapema kwamba unakula mboga tu. Wali, dengu na mayai havikosekani. Gujarat ni kinyume, watu wengi hawali nyama kabisa, na pombe imepigwa marufuku karibu jimbo zima. Huko habari za nyama ya ng'ombe usizilete hata kwa utani. Popote, vua viatu mlangoni na ule kwa mkono wa kulia, jambo ambalo sisi hatuhitaji kufundishwa.

La rangi ya ngozi lazima niliseme. Mjini kuna watu watakaokutazama vibaya, na yapo yaliyowahi kutokea: mwaka 2016 mwanafunzi wa Kitanzania alishambuliwa na kundi la watu Bengaluru kwa ajali ya gari ambayo hakuhusika nayo. Vijijini mimi nilikutana zaidi na udadisi kuliko ubaya. Watakuomba picha. Watoto watakugusa nywele. Mzee atakuuliza kama rangi inatoka kwa sabuni, na anauliza kweli. Una haki ya kuchoka na una haki ya kukataa, sawasawa na yule mama wa Kunduli. Mwanamke anayesafiri peke yake achague treni za mchana au kitanda cha juu kwenye behewa la viyoyozi, na kijijini alale kwenye nyumba yenye familia.

Narudi kwenye simu. Omba kwanza, kwa ishara ikibidi, na jibu la uso lichukue kama jibu. Usilipe kwa kila picha kwa sababu kesho watoto wataacha shule wasimame barabarani; nunua tangawizi, nunua kikapu, lipa chakula bila kupunguza bei. Na kila msafiri, akishapigwa picha na wenyeji wake, huwaahidi kuwatumia. Kong wa Nongriat aliniambia wameahidiwa hivyo na mamia ya wageni, naye anazo picha sita. Ukirudi Shillong, kuna studio pale Police Bazar. Ingia, zisafishe, andika nyuma jina la mtu na la kijiji, umpe dereva wa Sumo anayekwenda Sohra. Zitafika.